Siku Maalim Alipoacha Kunisifu

Nimeweka kalamu chini mwaka huu, si kwa hasira wala kwa kufukuzwa. Mkono bado unanitii. Goti ndilo limekataa kukunja, na mwandishi wa khati za Kiarabu asiyeweza kukaa chini akaegemeza ubao wake gotini hana tofauti na fundi cherehani aliyeibiwa cherehani. Nyinyi wadogo zangu mnaobaki kwenye kazi mmeniomba niwaachie maneno machache. Machache siyawezi, na mnajua. Nitawaeleza nilivyojifunza, huko Nachingwea na Ruangwa, kwa sababu yote niliyowapa nyinyi niliyapata huko, pamoja na ukali mnaonilalamikia nikiwa sipo. Nani alinilipa nini na nani alinipa cheo gani siandiki. Havikuwa vingi, na vilivyokuwapo vimeshaliwa.

Mwishoni mwa miaka ya arobaini Nachingwea ilikuwa na mashine nyingi kuliko watu wa kuzishangaa. Wazungu walikuja kulima karanga, na kabla ya karanga walileta matrekta, malori, mabati na majenereta ya kutia taa mahali ambapo fisi walikuwa hawajazoea kuonekana. Mimi nilitoka kwetu Chiola na darasa langu la nne, nikapewa kopo la rangi na brashi. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba kwenye matrekta, na neno HATARI kwenye kila kitu kinachoweza kumuumiza mtu. Nililiandika neno hilo hadi nikawa naliota. Karanga zenyewe hazikukubali kuzaa kama zilivyotarajiwa, lakini hilo tuwaachie waliozipanda.

Madereva waliona mkono wangu haukuwa mbaya, wakaanza kuniomba niwaandikie Bismillahi kwenye malori yao. Chuoni nilikuwa nimehitimu Kurani, kwa hiyo herufi nilizijua. Kuzijua na kuziandika ni mambo mawili, ila mpaka siku ile hakuna aliyekuwa ameniambia. Dereva mmoja aitwaye Nassoro, aliyeendesha lori la tajiri wa Lindi, alinipa mlango wa nyuma wote nijaze nipendavyo. Nikajaza. Nilijiona bingwa.

Asubuhi moja nikasikia mlinzi wa karakana anagombana na mtu nyuma ya jenereta. Nikaenda kutazama. Alikuwepo mzee mfupi, kanzu ameikunja mpaka magotini, mkono mmoja kijiko na mwingine kopo la maziwa. Alikuwa anakwangua masizi kwenye bomba la moshi. Mlinzi anamwambia ataungua, yeye anamwambia mlinzi kwamba masizi ya hapa ni laini kuliko ya taa ya chemli na kwamba Mzungu hayahitaji. Hakuondoka mpaka kopo lilipojaa. Huyo ndiye Maalim Issa wa Malolo, na wakati ule nilikuwa simjui.

Akielekea getini akalipita lori la Nassoro, akasimama.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi, mzee," nikasema, nikingoja kusifiwa.

"Huyu mimu unamlisha nini?"

Sikumwelewa. Akaweka kopo chini, akanionyesha kwa kidole cheusi. "Mtazame. Kichwa kimekonda, mkia umekonda. Ana njaa huyu. Na be wako kalala kama aliyetoka kwenye pombe. Nipe hiyo brashi."

Akaandika upya pale pale, juu ya maandishi yangu, bila kupima wala kurudia. Madereva waliacha chai wakaja kutazama. Lile neno lilisimama mlangoni kama mtu aliyekula akashiba na hana deni. Nassoro akanitazama kwa huruma. Maalim akanirudishia brashi yangu akasema, "Ukitaka kujua kulisha herufi, njoo Malolo. Njoo na kisu."

Nilikwenda. Nilidhani kisu ni cha kuchinja kuku wa mwalimu, maana ndivyo tulivyozoea kuingia chuoni. Kumbe ni cha kuchonga matete. Siku ya kwanza sikuandika hata nukta moja. Nilikaa na mzigo wa matete ya mtoni, nikachonga ncha, nikapasua katikati, nikakata mshazari, nikampelekea. Akaisogeza kalamu karibu na jicho, akaivunja. Nikachonga nyingine, akaivunja. Kufika alasiri nilikuwa nimezungukwa na vijiti kama aliyejenga banda likaanguka. Mke wake, Bi Somoe, alipita na ungo wake akasema, "Usijali, mwanangu. Mie alinivunjia miiko miwili mwaka aliponioa, ati haikukatwa sawa."

Bi Somoe ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa wino, na nyinyi mnaonunua wino wa chupa someni hapa taratibu. Masizi yalichekechwa kwa kitambaa chembamba. Gundi tuliitoa kwenye mikorosho, yale machozi magumu yanayoganda kwenye gome. Tuliyaloweka usiku kucha, tukachuja, tukachanganya na masizi kisha tukasaga. Tukasaga tena. Mama yule alisaga huku akipiga soga na majirani wote wa Malolo, na wino wake haukuwahi kuganda wala kupauka. Ndani ya kidau cha wino tuliweka kijifumba cha usufi, ili kalamu inywe kiasi na isilewe. Karatasi tuliipaka uji mwembamba wa muhogo, ikikauka tunaisugua kwa gamba la simbi mpaka ing'ae. Haya yote yalikuwepo kwenye shamba la mtu. Hakuna kilichotoka ng'ambo ila karatasi yenyewe.

Kazi za ukutani zilikuwa na wino wake. Hapo tulitia mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua ngozi. Yakichanganywa na masizi yakapakwa kwenye chokaa, hayatoki. Ukipaka chokaa juu yake, masika yakija yanapenya tena na kuonekana. Shikeni hilo, nitalirudia.

Watu walikuja na kila aina ya haja. Mbao za watoto wa chuo, hirizi (hizo alikataa), makombe ya wagonjwa, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Kombe aliliandika kwa khati ile ile ya msikitini, ingawa lingeoshwa baada ya dakika. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua. "Kwa hiyo na wali tuupike ovyo, kwa kuwa utaliwa?" akasema. Sikuuliza tena.

Kesi ngumu kuliko zote za miaka ile ya mwanzo ilikuwa ya Nassoro. Tajiri wake alikodisha lori kwa misheni, na misheni walikuwa wanafuga nguruwe. Nassoro akaja Malolo amekunja uso. Nguruwe watapanda kwa mlango wa nyuma, na mlangoni pana Bismillahi. Akikataa kazi atafukuzwa, akifuta Jina ataogopa kuendesha. Watu wa Malolo walibishana tangu adhuhuri mpaka alasiri. Maalim alitoka, akalizunguka lori, akauliza, "Nguruwe hupanda juu ya kichwa cha gari?" Nassoro akasema hapana. Basi ule mlango ukang'olewa, ubao wenye maandishi ukapigwa msumari juu ya kabini kwa mbele, na nyuma ukawekwa ubao mpya mtupu. Nassoro akawa anabeba nguruwe wa mapadri kwa moyo safi. Mapadri na masista nao wakamzoea, wakawa wanamwita dereva wa Bismillahi. Lori hilo tutalipanda mbele ya safari.

Ile karakana ya Nachingwea ilipopunguza watu, nilihamia Malolo moja kwa moja. Maalim hakunikaribisha wala hakunikataza. Alinionyesha mahali pa kulaza mkeka. Mimi Myao na yeye Mmwera, hatukukosa la kutaniana; alisema Wayao tuliletwa duniani kubeba mizigo ya safari na ndiyo maana alifu zangu zimeinama. Miaka ilipita hivyo. Kila jioni nilimpelekea karatasi yangu, naye akaitoboa kwa maneno. Huyu ana njaa. Huyu ameshiba mpaka anashindwa kutembea. Huyu wau anamtazama nani huko nyuma? Sikuwahi kusikia neno vizuri, na baada ya muda niliacha kulingoja. Nilijua karatasi imekuwa njema pale alipoirudisha kimya.

Yeye mwenyewe alikuwa na kazi moja isiyokuwa ya mtu. Alikuwa amejiwekea nadhiri ya kunakili Msahafu mzima kwa mkono wake, uwe wa msikiti wa Malolo. Aliuanza kabla ya vita vya Hitla. Aliandika asubuhi tu, jua likiwa halijawa kali, na hakuna aliyeruhusiwa kupiga chafya. Katikati ya miaka ya hamsini alikuwa amebakiza juzuu mbili, zile za mwisho zenye sura fupi zinazojulikana na kila mtoto. Misahafu ya kupiga chapa ilikuwa inauzwa madukani Lindi na mtu akamwambia hivyo kwa nia njema. Akajibu kwamba na mikate inauzwa, lakini Bi Somoe bado anapika.

Basi jioni moja nikampelekea karatasi yangu kama kawaida. Akaishika karibu na uso, akaisogeza, akaizungusha kidogo kwenye mwanga wa mlangoni.

"Vizuri, Sandali," akasema.

Sikujua nitazame wapi. Nilitoka nje nikamwambia Bi Somoe, aliyekuwa anasaga wino. Akaacha kusaga.

"Kakwambia vizuri?"

"Ndiyo, mama. Kwa mdomo wake."

"Mie nimempikia maisha yangu yote, hata mboga yangu hajaiita nzuri," akasema, akarudi kwenye jiwe lake. Sikuuona uso wake vizuri. Nilikuwa nimejaa furaha, nikalala nimejikunja na ile karatasi kando ya mkeka.

Kesho yake akasema vizuri. Na keshokutwa. Nikaanza kutembea kifua mbele hapo Malolo, nikifikiri ndiyo nimefika. Ikawa kila nikimpelekea, vizuri. Hata siku nilipoandika ovyo kwa homa, vizuri.

Ndipo Ruangwa wakajenga msikiti mpya wa mawe na chokaa. Msimamizi wao, Mzee Chilumba, alikuja mwenyewe kwa baiskeli kumwomba Maalim aandike ukuta wa kibla, kushoto na kulia kwa mihrabu. Upande wa kulia waliuchagua uandikwe Ya Hayyu ya Qayyum, Ewe Uliye Hai, Ewe Msimamizi wa vyote. Wa kushoto wangeamua baadaye, maana kamati haikukubaliana.

Kazi ya ukutani ina njia yake. Huandiki moja kwa moja. Unaandika kwenye karatasi kubwa, unaweka karatasi nyeupe chini yake, kisha unatoboa kingo za herufi zote kwa sindano mpaka chini. Karatasi ya juu yenye wino unaitunza. Ile ya chini, ambayo ina vitundu vitupu, ndiyo unayobandika ukutani na kuipigapiga kwa kifuko cha unga wa mkaa. Ukiibandua unaona nukta nyeusi zimechora herufi, nawe unajaza kwa brashi. Hatari yake ni moja: karatasi yenye vitundu vitupu haina uso. Ukiigeuza, herufi zitageuka, kama unazisoma kwenye kioo. Kwa hiyo tunaipapasa. Upande ambao sindano imetokea una vipele, na vipele hukaa ukutani. Nimewafundisha hivyo hivyo, na sasa mtajua kwa nini huwa nawapigia kelele.

Maalim alitoa karatasi yake ya zamani yenye maneno hayo, tukaitoboa pamoja. Kabla ya siku ya kwenda Ruangwa, nikaletewa habari kwamba mjomba wangu amefariki Chiola. Nilikwenda kuzika, nikakaa mpaka matanga yakaondolewa. Maalim akasema ataenda Ruangwa peke yake, kazi ya ukuta mmoja haimshindi.

Niliporudi nilipitia Ruangwa. Mzee Chilumba alikuwa amesimama mlangoni kwa msikiti na wazee wengine, nao wote walikuwa kama watu waliovunja kitu cha jirani.

"Afadhali umekuja," akasema. "Ingia uone. Sisi tumeshindwa kumwambia."

Niliingia. Ukuta ulikuwa mweupe wa kuumiza macho, na upande wa kulia herufi zimekaa nzito, nyeusi, zimeshiba, hakuna hata moja yenye njaa. Zote zilikuwa zimegeuka. Ye amegeukia asikotakiwa, mimu anaanza alipopaswa kumalizia. Maalim alikuwa amejaza kila nukta kwa uaminifu, pua karibu na ukuta, akashuka, akaaga, akarudi kwake Malolo akijua kazi imekwisha.

"Tufanyeje?" akauliza Mzee Chilumba. "Ijumaa inayokuja tunafungua. Wageni wanatoka mpaka Lindi. Tukikwangua, vipande vyenye Jina vitaanguka sakafuni, nani atathubutu kukanyaga? Tukipaka chokaa juu, mafuta yenu ya korosho yatatoka tena masika. Na yeye mzee wa watu, nani amwambie kakosea?"

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kubwa. Kwetu mwalimu haambiwi amekosea, labda na mwalimu wake, na wa Maalim Issa alikuwa kaburini. Wazee wale walinitazama mpaka nikaelewa kwa nini afadhali nimekuja.

Nilifika Malolo jioni. Alikuwa amekaa mkekani anasugua karatasi kwa simbi. Nilimpa pole ya safari, akanipa pole ya msiba. Nikasema kwa kuwa nilijua nikingoja sitasema.

"Maalim, karatasi ilikaa kinyume."

Simbi likasimama. "Haiwezekani. Niliipapasa. Haikuwa na vipele upande wowote, nikajua ni sindano nyembamba, nikachagua upande uliokuwa laini zaidi."

Kutoka jikoni Bi Somoe akasema polepole, "Niliipiga pasi."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Ulisema isiende Ruangwa na mikunjo. Nikaipiga pasi kama kanzu zako." Akatoka jikoni akisugua mikono kwenye kanga, akasimama mbele yake. "Na wewe, baba, mbona ulipapasa tu? Ulikuwa na taa, ulikuwa na mchana. Kwa nini hukutazama?"

Maalim aligeuza uso kuelekea sauti yake. Nilikuwa namtazama mzee huyu kila siku na sikuwa nimemtazama. Ndani ya macho yake mlikuwa na weupe kama maziwa yaliyomwagika kwenye kikombe cheusi. Akanyoosha mkono kutafuta kidau kando yake, na mkono ukapapasa mkeka kwanza.

"Karibu na pua naona nukta mbili tatu," akasema. "Herufi nzima ni ukungu. Tangu masika ya mwaka juzi."

Bi Somoe alikaa chini pale pale. "Na Msahafu wako?"

"Sijaandika. Nakaa nao tu asubuhi."

Nilitoka nje. Kwa hiyo zile vizuri zote, moja moja, nilizozihesabu kama mtu anayevuna. Hakuwa ameona hata karatasi moja. Aliona weupe wenye weusi ndani yake, akanipa neno zuri kwa kuogopa kunipa baya nisilostahili. Nililia, na sikulia kwa ajili ya karatasi zangu. Nililia kwa ajili ya juzuu mbili zilizobaki.

Alipoita nikarudi. Alikuwa ameshajikusanya. "Upande wa kushoto wa mihrabu una nini?"

"Hauna kitu, Maalim. Kamati bado inabishana."

"Kamati imekwisha kukubaliana. Chukua karatasi ile ile, igeuze, upige mkaa kushoto. Maneno yale yale, sawasawa. Yatatazamana kama milango miwili. Wazee wa zamani waliandika hivyo kwa kupenda, sisi tutaandika kwa shida." Akasita. "Na utaandika wewe."

Ukuta wa kibla nilikuwa sijawahi kuugusa. Niliandika Jumatano na Alhamisi, nikijaza ndani ya nukta kwa kuogopa kuzivuka, Mzee Chilumba ameshika ngazi na kuuliza kila mara kama nimemaliza. Ijumaa watu walijaa mpaka uani. Kulia maneno yaligeuka, kushoto yalinyooka, yakatazamana juu ya kichwa cha imamu, na mgeni mmoja kutoka Lindi alisema hajaona kazi ya namna hiyo huku bara. Wazee wa Ruangwa walipumua kwa pamoja, nikawasikia. Maalim alikuwa safu ya mbele. Baada ya swala aliinua uso kuelekea kwenye ule ukungu wake akasema, "Vizuri, Sandali." Neno hilo lilinichoma kuliko yote aliyowahi kunitukana.

Hospitali ya misheni ilikuwa na sista daktari aliyejulikana kutoa mtoto wa jicho. Kila mtu alilijua hilo, Maalim pia. Hakutaka kusikia.

"Kisu ndani ya jicho? Sasa naona ukungu, halafu nione giza. Angalau ukungu una mwanga."

Nilimsihi, Mzee Chilumba alimsihi, akatusikiliza kwa adabu na hakwenda. Aliyemshinda ni Bi Somoe. Asubuhi moja alichukua jiwe la kusagia wino, akalifunga kwenye gunia, akaliweka nyuma ya mlango.

"Wino sipiki tena," akasema. "Wa nini? Wa kumwagilia mchicha? Siku utakayotaka kumaliza Msahafu wako, nitalifungua gunia. Njia ya hospitali unaijua."

Maalim alivumilia muda, akimnunia. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za mvua, Nassoro anapita lini.

Tulipanda lori la Nassoro, sisi mbele na magunia ya korosho nyuma, Bismillahi ya Maalim juu ya vichwa vyetu. Nguruwe siku hiyo hawakuwepo. Nassoro alisema amewaambia wapumzike. Pale misheni walinzi wa geti walimjua dereva wao, wakatupitisha kama jamaa.

Sista alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Alifanya upasuaji wa jicho la kulia. Kisha Maalim alilazwa chali, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, akaamriwa asikohoe wala asigeuke. Kwa yule mzee, kutotikisika ilikuwa kazi aliyokwisha kuifanya maisha yote. Alisoma Kurani kwa moyo, chini chini. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mkulima Mkatoliki wa pale pale parokiani, naye Mmwera, alimwambia, "Mzee, ongeza sauti kidogo. Sielewi, lakini naona inanilaza." Wakawa marafiki, na ugomvi wao pekee ulikuwa nani kati ya Wamwera wa pande mbili analima korosho vizuri.

Siku ya kufungua bendeji tulikuwepo, mimi na Bi Somoe, tumeshikana mikono kama watoto. Sista akazungusha kitambaa mpaka kikaisha. Maalim akafumbua.

"Unaona nini?" akauliza sista.

"Weupe," akasema Maalim. "Niko ndani ya uji."

Nikamtazama sista. Bi Somoe akafumba macho. Sista hata hakutushughulikia. Alifungua droo, akatoa miwani mizito kama vitako vya chupa, akamvisha. "Sasa," akasema.

Maalim alitazama mikono yake kwanza, ile michirizi ya wino kwenye kucha isiyotoka miaka yote. Kisha akainua uso, akamtazama mkewe muda mrefu.

"Umezeeka," akasema.

"Ulidhani nakungoja palepale?" akajibu Bi Somoe, na machozi yanamtiririka anacheka. Mkulima wa kitanda cha pili naye akacheka, akaambiwa na sista anyamaze.

Tulipotoka, Maalim aliomba tupitie Ruangwa kwanza. Njia nzima macho hayakutulia. Alitazama miti, alitazama mikorosho ya watu, alitazama goti langu. Nami nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Miwani ile ilitoka drooni tu bila kupimwa, jicho lilikuwa moja, na sista alisema tungojee tuone. Kumwona mke wako aliyeketi kitandani pako ni jambo moja. Herufi ni jambo lingine. Niliogopa neno moja tu, na nilijua akilisema basi Msahafu umekwisha pale ulipofikia.

Mzee Chilumba akatufungulia msikiti. Ndani mlikuwa kimya, jua la alasiri limeingia kwa mlango. Maalim akasimama mbali, mahali ambapo kabla ya hapo angeona ukungu. Aliutazama upande wa kulia, wake.

"Huyu amevaa kanzu kinyume," akasema, "lakini ameshiba."

Kisha akageukia kushoto. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Alitazama ye, alitazama wau, alifika mwisho wa mstari akasimama hapo. 

"Sandali."

"Naam, Maalim."

"Huyu mimu ana njaa. Mkia umekonda, kichwa kimekonda. Tangu lori la Nassoro mpaka leo hujamlisha? Lete ngazi."

Nilikaa chini kwenye mkeka wa msikiti nikalia kama mtu aliyefiwa, huku nacheka, mpaka Mzee Chilumba akadhani nimetukanwa akaanza kunitetea. Maalim alimwambia aniache. Kisha wakaenda wao wawili kuleta ngazi.

Tulipofika Malolo Bi Somoe hakuvua hata kanga ya safari. Alifungua gunia, akatoa jiwe. Zile juzuu mbili Maalim alizimaliza mwenyewe, na Msahafu ule bado unasomwa Malolo. Ukiutazama vizuri utaona mahali herufi zinapoanza kuwa kubwa kidogo, kama mtu aliyesogea karibu kusalimia.

Ndiyo maana, wadogo zangu, sikuwahi kuwasifu, na mmenung'unika mkafikiri nina roho mbaya. Kazi nimeacha, lakini mlango uko wazi. Leteni karatasi zenu nizitazame. Nitawaambia nani ana njaa na nani kalewa. Na siku mtakaponiletea, nikaishika karibu na uso, nikasema vizuri, msinishukuru. Nitafutieni lori.